Picha za Pwani Tusizoweza Kuzisoma

Kila mwaka mabasi ya shule huteremka Pwani kutoka bara yakiwa yamesheheni wanafunzi na walimu wao. Ratiba ni ile ile: Fort Jesus, Haller Park kule Bamburi, magofu ya Gedi, kisha ufuo wa Watamu au Malindi. Zamani kundi zima lilitegemea kamera moja ya mwalimu na filamu yake ya picha thelathini na sita. Siku hizi simu zimejaa mikononi, na kundi hurejea na picha mamia. Sina ugomvi na picha hizo. Nchi yetu inapendeza, na kuitazama kwa furaha ni sehemu ya elimu. Ugomvi wangu ni kuwa wengi wa wanaozipiga hawawezi kutaja kwa Kiswahili vitu vitatu vilivyomo ndani yake, ukiondoa bahari, mchanga na mnazi.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo amekwisha kukariri msamiati wa bahari kwa ajili ya mtihani. Anajua kuwa kupwa ni kinyume cha kujaa. Lakini msimamishe Watamu maji yakiwa yametoka na mwamba umebaki wazi, naye atakuuliza bahari imekwenda wapi. Neno alilo nalo halijawahi kukutana na kitu chake.

Tuchukue jina la eneo lenyewe. Pwani linatokana na kupwa: ni mahali maji yapwapo. Wazee waliolitunga jina hilo hawakutazama bahari kama picha iliyotulia, bali kama tukio linalojirudia mara mbili kila siku. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua, maji yakatoka mbali mno na kurudi kwa kishindo; mwezi uwapo nusu huwa maji mafu, na bahari haijongei sana. Mwalimu mwenye maneno hayo mawili na kalenda ya mwezi anaweza kupanga siku ya safari kwa hekima kuliko yule aliyetegemea nafasi ya basi tu.

Kadhalika pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na ndipo maji huwa maangavu. Matumbawe ya hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, huonekana vyema kutoka kwenye mashua zenye kioo sakafuni. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi, bahari huchafuka na mwani hutupwa ufuoni kwa marundo. Makundi yanayokuja Julai na Agosti hukuta kusi, yakarudi bara yakilalamika kwamba picha za matangazo ziliwadanganya. Hazikudanganya. Zilipigwa wakati wa kaskazi.

Na mvua zikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka nyekundu kama chai ya maziwa. Wapiga picha huikwepa rangi hiyo, nami ningewasihi walimu wasiikwepe. Ule ni udongo ulioletwa na mto ambao huko juu huitwa Athi, ukipita Tsavo huitwa Galana, na unapomwaga maji yake baharini huitwa Sabaki. Mtoto wa Machakos aliyepiga picha maji yale huenda amepiga picha ya shamba la jirani yake. Hilo ni somo la jiografia, la kilimo na la lugha kwa pamoja, na haligharimu hata senti.

Niliwahi kufuatana na kundi la wanafunzi katika mikoko ya Mida. Kiongozi wetu, kijana mzaliwa wa papo hapo, aliwaeleza kila kitu kwa Kiingereza, ilhali hapakuwa na mgeni hata mmoja kutoka ng'ambo. Nikamwuliza pembeni miti ile huitwaje kwao. Akanitajia bila kusita: mkoko, mchu, mlilana, mkandaa, muia, mkomafi. Nikamwuliza mbona hakuwatajia watoto. "Mwalimu," akasema, "hakuna aliyeniuliza."

Jibu hilo lilinikereketa, kwa kuwa majina hayo ndiyo yanayomfundisha mtu kuona. Kwa asiyeyajua, mbele yake pana msitu mmoja wa kijani kwenye tope. Anayeyajua huona mkoko uliosimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu mingi, na mchu ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli zilizopangwa wima. Wakataji wa Lamu nao hupambanua nguzo kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Maneno haya hudumu maadamu kazi zake zipo na kuna wa kuyauliza.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Basi halitoki kabla ya watu kunywa chai, kwa hiyo kundi hufika ufuoni saa sita, jua likiwa utosini. Saa hiyo rangi hupauka na nyuso za watoto hugeuka vivuli. Pwani yetu inaelekea mashariki, jua huchomoza baharini: anayetaka machweo juu ya maji mapana huko Watamu ufuoni atangoja sana. Alasiri jua huwa mgongoni mwako, na bahari hujipatia buluu yake. Na wavuvi wanaovuta jarife si sehemu ya mandhari. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini hawakusema hivyo kuhusu kamera. Mtu huamkiwa kwanza, kisha huombwa ruhusa.

Pendekezo langu kwa walimu wa Kiswahili ni dogo. Kila mwanafunzi achague picha tano tu. Chini ya kila moja aandike mistari mitatu ya Kiswahili: kitu hiki chaitwaje, maji na upepo vilikuwaje saa ile, na ni nani aliyemwambia. Mstari wa tatu ndio mgumu, kwani humlazimu kuzungumza na nahodha, mchuuzi wa madafu au bibi anayeuza samaki. Kazi hiyo isahihishwe na kupewa alama kama insha nyingine yoyote.

Nimekwisha kusikia pingamizi kwamba majina hutofautiana: Kiamu kina lake, Kimvita lake, Wagiriama lao. Ni kweli. Mti ule ule ambao kijana wa Mida aliuita muia, Tanzania wengi huuita msinzi. Basi na wayalete yote darasani wabishane. Wakifika hapo somo la lahaja litakuwa limekwisha kuanza, na mwalimu anaweza kukiacha kitabu kabatini hadi wiki ijayo.