Mazoezi ya Bega na Uzito wa Gunia



Kuna maneno tunayoyasikia kila tunapozungumzia mazoezi: ati mtu anayepakia magunia kutwa hana haja ya kunyanyua vyuma, kazi yenyewe yatosha. Sisi hatukubali. Kazi ya mizigo hutumia mwili upande mmoja. Mchukuzi wa Awindiri anayepakia lori la kwenda Koboko na Oraba huweka gunia bega lilelile tangu asubuhi, shingo imepinda, na misuli ya mbele hukaza huku ile ya nyuma ya bega ikilegea. Mwenzetu wa kiwandani anayenyoosha mikono juu ya mashine saa nane hana nafuu, wala yule wa shamba la chai mwenye kikapu mgongoni.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kibakuli kinachokipokea begani hakina kina. Ndiyo maana mkono huzunguka pande zote. Lakini kwa sababu hiyohiyo kiungo hiki hushikiliwa zaidi na misuli minne midogo iliyokizunguka, nayo ndiyo huchoka na kuchanika. Vijana wetu wanaojenga vifua kwa bomba la chuma na makopo ya saruji huisahau, maana haionekani kwenye kioo!

Ratiba tunayoipendekeza haina gharama. Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukifunge kwenye nguzo kwa kimo cha kiwiko. Simama ubavu kwa nguzo, kunja kiwiko ukibane mbavuni, kisha kwa mkono ulio mbali na nguzo vuta mpira kuelekea nje polepole, na urudishe polepole zaidi. Fanya mara 15, halafu mkono wa pili. Zoezi la pili: inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja umeegemea benchi, na kwa mwingine vuta kidumu cha lita 5 hadi kiunoni. Kikijaa maji ni kilo 5. La tatu, shika chupa ya maji ya lita moja kila mkono, uziinue ubavuni hadi usawa wa bega, zisizidi hapo. Rudia kila zoezi raundi mbili au tatu, siku mbili au tatu kwa juma zisizofuatana. Siku ya mizigo mizito pumzika. Maumivu yanayokuamsha usiku, au mkono unaokataa kuinuka, hayo ni ya hospitali.

Tumeeleza hayo kwa moyo mweupe, ila hatutaki mwajiri ayasome akafurahi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127: mfanyakazi asitakiwe kubeba mzigo ambao kwa uzito wake waweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo namba 128 la mwaka huohuo lilizitaka nchi zinazoruhusu zaidi ya kilo 55 kwa mwanamume mzima zishuke hadi hapo upesi, na kwa wanawake iwe chini sana ya hiyo. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, inayompa mwajiri wajibu wa kuwakinga watu wake. Jirani zetu wa Kenya, kwa kanuni za viazi za 2019, waliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia ili kuiua lumbesa. Hakuna mpira wa baiskeli utakaogeuza kilo 100 kuwa 55.

Wapo wenzetu wanaopinga gunia dogo, nao wana sababu. Wanalipwa kwa gunia; likigawanywa mara mbili, wanaogopa malipo nayo yatagawanywa, au watapanda ngazi ya lori mara mbili kwa fedha ileile. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo tunasema matawi yaanze na bei: malipo ya kupakia yahesabiwe kwa kilo, yaandikwe na kutiwa sahihi, ndipo tudai gunia dogo. Anayegeuza mpangilio huo atawapoteza wanachama kabla ya mkutano wa pili.

Mzani si kitu cha kuagiza mbali. Mwenye mali hupima mali yake inapoingia ghalani. Tudai usogezwe hadi penye lori, na namba isomwe kwa sauti kabla gunia halijapanda begani.