Wimbo Ambao Hatukuusikia

Mwaka jana nilipeleka mada ya kazi yangu ya mwisho: tafsiri ya nyimbo za katuni za Kijapani. Mwalimu aliyeisoma alicheka, kwa upole, akanirudishia karatasi. «Hayo ni mambo ya watoto. Tafuta mwandishi.» Neno hilo la mwisho ndilo lililoniuma, kwa sababu waandishi wapo.

Tumtazame Kageyama Hironobu. Alizaliwa Osaka mwaka 1961, na mwaka 1977 alianza kurekodi kama mwimbaji wa bendi ya LAZY. Vijana hao walipenda roki nzito. Wakubwa wao wakawavisha mavazi ya kupendeza na kuwapa nyimbo tamutamu. Bendi ikavunjika 1981. Wenzake wawili wakaunda Loudness, iliyovuma hadi Marekani. Yeye akabaki akiimba katika kumbi ndogo, na ili apate kula alifanya kazi za ujenzi. Mwaka 1985 aliitwa kuimba wimbo wa Changeman, mfululizo wa televisheni wa watoto, na huko ndiko sauti yake ilikopata nafasi. Waliomuuza kwa wakubwa walitaka alegee. Waliotengeneza vya watoto walimwacha apaze sauti.

Mwaka 1989 ukaja «Cha-La Head-Cha-La», wimbo wa kufungulia Dragon Ball Z. Huo hakuuandika yeye: maneno ni ya Mori Yukinojo, muziki ni wa Kiyooka Chiho. Jina lenyewe ni mchezo wa sauti unaochezea neno la Kijapani «hetchara», yaani «si kitu». Mtafsiri afanye nini nalo?

Sisi tulioipata Dragon Ball Z kwa Kifaransa hatukuuona ugumu huo, maana wimbo haukutufikia. Ufaransa waliutoa wote, wakatunga wao mwingine. Niliuimba na binamu zangu mbele ya televisheni ya shangazi, na sikatai, ulitupendeza. Lakini katika Amerika ya Kusini waliacha muziki uleule, wakapanga maneno ya Kihispania juu yake, na zile sauti za jina zikabaki mahali pake. Katuni ni moja, watoto ni wa umri mmoja, maamuzi mawili ya tafsiri yanayopingana kabisa. Ikiwa hilo si somo la fakulte yetu, sijui ni la nani.

Na Kageyama hakubaki mwimbaji tu. Tangu mwaka 2000 yumo katika kundi la JAM Project, na anatunga. Wimbo wa kufungulia One Punch Man, wa 2015, maneno na muziki ni vyake. Katuni hiyo inamcheka shujaa wake: ana upara, anashinda kwa ngumi moja na ushindi unamchosha. Wimbo, kinyume chake, unamsifu shujaa kwa nguvu zote bila kutabasamu, na kichekesho kinaanzia hapo hapo, katika muda wa kama sekunde 90, kabla mtu yeyote hajasema neno. Ukiutoa wimbo huo, umepunguza maana ya hadithi.

Juma lililopita nilirudi kwa mwalimu yule na mada nyingine: wimbo mmoja, nchi tatu. Safari hii hakucheka. Aliniuliza kama Kihispania nakijua. Nikamjibu kwamba nimeanza kujifunza. Akasema nimletee kurasa tatu za kwanza, na majina ya waandishi juu kabisa.