Debe Moja Mlangoni pa Jiko

Ndugu mkulima, katika mashamba ya makazi utamkuta mtu mwenye ekari 15, ng'ombe 3 wa gredi na viazi hadi mpakani, na bado kila Jumamosi mtoto wake hutumwa dukani kununua vitunguu. Mimi nasema jambo hili si sawa. Fedha zenyewe ni chache kwa siku, lakini hutoka kila juma, tena kwa mama wa nyumbani, aliyeziweka kwa ajili ya sabuni na madaftari.

Utajibu kwamba kitunguu cha kichwa hakifanyi vizuri katika baridi ya Kinangop. Ni kweli, kwa maana hutaka joto na ukavu kinapokomaa. Lakini viko vitunguu vya majani vyembamba kama nyasi, viitwavyo chaivu. Hivi havina kichwa cha kungojea. Majani ndiyo chakula, na baridi haviiogopi.

Wengine wamesikia kwamba Kenya huuza majani haya Ulaya, nao wanangoja mnunuzi. Mnunuzi huyo hutaka maji mwaka mzima, chumba cha baridi na gari la kufika uwanja wa ndege upesi. Anza na jiko lako.

Toboa debe kuukuu matundu chini, ulijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa. Mbegu iwe mpya, maana iliyokaa sana haioti. Ukiwa na jirani aliyekwisha panda, mwombe shina moja uligawe. Ni upesi zaidi. Debe hukauka kuliko bustani, basi lisisahauliwe wakati wa kiangazi. Kata kwa kisu ukiacha inchi 2, nayo yatachipuka tena. Ondoa maua. Kila baada ya miaka 2 au 3 mashina hubanana, uyagawe. Na katika chungu majani hutiwa mwisho, kwa kuwa moto mwingi huondoa ladha.

Lakini ng'ombe asiyaguse. Vitunguu vya kila aina, vikiliwa kwa wingi, huharibu damu ya ng'ombe, na hata vichache huweza kutia maziwa harufu, yakakataliwa yanapopokelewa. Kwa hiyo weka debe mbali na zizi, na masalio yatupwe katika shimo la mbolea, si horini.