Leseni yako inaisha lini, mama?

Mfululizo wa Nesi, sehemu ya 9.

Leo siongelei uji wala chanjo. Kabla hujaendelea kusoma, toa leseni yako ya udereva kwenye pochi uangalie tarehe. Umeiona? Haya, tuendelee.

Mwezi uliopita nilitoka zamu ya usiku, nikafika nyumbani nikakuta mwanangu anawaka homa. Nikamfunga nyuma, nikawasha gari. Njiani trafiki akanisimamisha. Akaiangalia leseni, akaniangalia na mimi: "Dada, hii imeisha tangu Machi." Nilinyamaza. Machi nilikuwa likizo ya uzazi, hata siku ya wiki nilikuwa siijui. Akaniandikia faini, mtoto analia nyuma. Niliona aibu, ila hakunionea.

Mimi ndiye ninayewagombeza kliniki mkipitisha tarehe ya chanjo! Kumbe na mimi nina kadi yangu nimeipitisha miezi saba.

Wengine mtasema, "Nesi, leseni ikiisha, kwani nimesahau kuendesha?" Hujasahau. Lakini ukigonga mtu, bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu dereva hana leseni hai. Gharama za wodini mnazijua. Deni hilo litakula ada za watoto.

Leseni yetu Tanzania ni miaka 5, ada shilingi 70,000. Najua ni hela. Ila igawe: ni kama 1,200 kwa mwezi. Anza kuweka mapema. Ukiwa tayari, beba leseni ya zamani, TIN na namba ya NIDA, uende TRA. Usimpe kishoka hela "akufanyie". Utalipa mara mbili, na ukipewa leseni feki kesi ni yako.

Tena, tumia siku hiyo kupima macho. Usiende kutafuta muhuri tu, kapime kweli. Macho hufifia taratibu, mwenyewe hujui. Na wewe mwenye mimba, ukiona ukungu au vimulimuli machoni, kichwa kinauma sana, usishike usukani kabisa. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba. Mwambie mtu akupeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Halafu jambo moja linaniudhi. Nyumba nyingi leseni ya baba inakumbukwa, ya mama inasubiri "tukipata nafasi". Lakini usiku mtoto akizidiwa na baba yuko safari, nani anaendesha? Baba unayesoma hapa, mwezi huu anza na ya mama.

Mimi yangu nimeshapata. Tarehe ya kuisha nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, maana hiyo haipotei nyumbani kwangu.

Ya kwako inaisha lini? Niandikie hapo chini, tukumbushane.