Nzohe wa Kinamasi cha Saiwa

Msafiri atokaye Kitale kwenda Kapenguria huona mashamba ya mahindi pande zote, wala hadhani ya kuwa karibu na hapo yuko paa aishiye majini. Huyo ni nzohe, ambaye wengine humwita sitatunga, nduguye pongo. Kinamasi chake cha Saiwa kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 3 hivi tu.

Kwato za nzohe ni ndefu nazo hutanuka, hata asizame matopeni. Juu ya ardhi ngumu, walakini, hukimbia kama mtu aliyeazima viatu vya mwenziwe. Akifukuzwa hujitosa majini, akabakiza pua nje. Mchana hujificha katika mafunjo. Usiku hutoka kula majani ukingoni, akifuata njia zile zile, na mtega mitanzi azijua sana.

Sotoka, iliyoangamiza ng'ombe na wanyama wa mwitu wengi wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ilikuwa ikimpata nzohe pia. Chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga ilisaidia kuishinda, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetoweka duniani.

Lakini kinamasi kikikauka hakina chanjo. Mwenye shamba alimaye mpaka ukingoni, au apandaye mikaratusi inywayo maji mengi, humpunguzia nzohe makao. Nyati akikosa malisho huhama. Nzohe wa Saiwa akitoka majini hukuta mahindi, kisha mbwa.