Rangi za nebula si uongo, tuzifundishe

Ukimwonyesha mwanafunzi wa sekondari picha ya nebula, lile wingu la gesi na vumbi angani, atakuuliza: “Mwalimu, hizi rangi si za kompyuta tu?” Nikiwa TP wilayani Kyela niliulizwa hivyo zaidi ya mara moja. Wengi wetu tunaosomea ualimu swali hili tunalikwepa, tunarudi kwenye notisi. Kumbe hapo ndipo somo linapoanzia.

Chukua picha maarufu ya Nguzo za Uumbaji, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995 katika nebula ya Tai. Ilitokana na picha za nyeusi na nyeupe. Kamera yenyewe haitambui rangi, inapima wingi wa mwanga tu. Mbele yake huwekwa vichujio kwa zamu: kimoja hupitisha mwanga wa haidrojeni, nanomita 656, kingine wa salfa, nanomita 672, cha tatu wa oksijeni, nanomita 501. Kisha kila picha hupewa rangi yake: salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu.

Kwa nini wasiache rangi za asili? Kwa sababu kwa macho yetu haidrojeni na salfa zote ni nyekundu, usingejua ipi iko wapi. Ni kama atlasi. Milima ya Livingstone hupakwa kahawia na Ziwa Nyasa bluu, na hakuna anayemwita mchora ramani mwongo, mradi ufunguo upo. Kosa ni kuonyesha picha bila ufunguo.

Najua washkaji watasema: shule haina maabara, wewe unaleta nebula! Ni kweli, kamera hiyo na vichujio vyake vinaweza kumeza boom la semista nzima na bado ukadaiwa. Lakini picha ghafi za Hubble zipo bure mtandaoni, na programu ya Siril ya kuziunganisha ni bure pia. Laptop moja ya mwalimu inatosha. Ikikosekana, karatasi nyekundu ya pipi mbele ya tochi ya simu itaonyesha kichujio kinavyofanya kazi.

Na anga tunalo. Agosti, saa tatu usiku, nebula ya Tai hupita karibu na utosi wa mtu aliyesimama ufukweni Matema. London haizidi nyuzi 25 juu ya upeo wa macho. Nebula ya Carina ndiyo kabisa, huko haichomozi.

Mada ya astronomia tuliisoma kwenye Fizikia ya Kidato cha Nne, kwa hiyo hakuna kisingizio. Mtoto akizoea kuuliza picha ya nebula imetengenezwaje, ataiuliza hivyohivyo picha anayotumiwa WhatsApp. Mwenzangu unayejiandaa kwenda TP, akikuuliza, usimkatishe. Mjibu.