Msiuonee mkarafuu

Hoja za wanaotaka mikarafuu ya Pemba na Unguja ikatwe mmezisikia. Naziweka mbele yenu kama zilivyosemwa, mzipime wenyewe.

Wanaanza kwa kusema mkarafuu ni mti wa kigeni uliopandwa kwa jasho la watumwa. Yote mawili ni kweli. Asili yake ni visiwa vya Maluku, na ulitufikia mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia Mauritius na Réunion. Lakini muhogo nao ulitoka Amerika, na hakuna anayetaka ung'olewe. Na hilo la utumwa linawageuka: baada ya Mapinduzi ya 1964 wanyonge waligawiwa mashamba, eka tatu tatu. Shoka la leo litawaangukia hao na watoto wao.

Kisha wanadai mkarafuu hujitunza: ukishaupanda, kazi kwisha. Hapa nawapinga kabisa. Mbegu yake ikikauka haioti. Lazima ipandwe ingali mbichi. Mche hauvumilii jua kali, ndiyo maana wakulima wanaoujua huukinga kwa migomba. Unapaliliwa, unangojewa miaka kadhaa ndipo utoe. Msimu ukifika, mchumaji hupanda juu na kuchuma vishada kwa mkono. Akivunja tawi, amepoteza na mavuno ya misimu ijayo. Sasa watu haohao wanalalamika kwamba mikarafuu mikongwe haizai. Kama mti hauhitaji matunzo, mbona umeacha kuzaa ulipotelekezwa?

Karafuu hailipi, wanasema. Basi watueleze magendo. Kwa miaka mingi karafuu za Pemba zilivushwa usiku kwa mashua hadi Kenya, na wavushaji walijua kinachowangoja wakikamatwa. Hakuna anayejitia hatarini kwa bidhaa isiyo na thamani. Kisicholipa kilikuwa bei aliyopewa mkulima nyumbani, ambako mnunuzi halali alikuwa mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Kosa la bei halirekebishwi kwa kukata mti.

Mwisho wanaitaja Indonesia, kwamba imetufungia soko. Ni kweli kwamba ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, na ilipojitosheleza bei iliporomoka. Ila sehemu kubwa ya karafuu zake huishia kwenye sigara zake za kretek. Wanunuzi wengine wapo, nao wanatafuta ubora: karafuu iliyochumwa kabla ua halijafunguka, ingali na kichwa chake kati ya meno manne, ikaanikwa juani kwenye jamvi, si juu ya lami, wala haikulundikwa mbichi ikachachuka. Itie kwenye glasi ya maji. Iliyojaa mafuta huzama au husimama wima. Iliyokwisha mafuta huelea kwa ubavu. Katika hoja zao zote, ubora haukutajwa hata mara moja.